Midomo Inacheza, Sauti Hakuna

Shangazi alitoka Kitale na basi la usiku, akafika kwangu Kayole saa kumi na mbili asubuhi, flashi ikiwa imefungwa kwenye pembe ya leso vile yeye hufunga pesa ya matumizi. Hata chai hakutaka kwanza. "Wewe si ndiwe mtu wa video?" akaniuliza. "Basi nitolee maneno ya baba."

Baba yake ni babu yangu. Krismasi ya 2011 aliwaketisha watoto wake wote sebuleni, chini ya taa ya tyubu, akaongea kuhusu shamba. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Marekani, alirekodi yote kwa kamera mpya aliyonunua huko. Binamu yangu naye alirekodi kidogo kwa simu yake ya Nokia. Babu alifariki 2019. Kufikia mwaka juzi watoto wake walikuwa hawasalimiani, na sababu ni ekari moja na nusu iliyo kule chini mtoni. Shangazi, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, anasema babu alimpa yeye. Baba mkubwa anasema babu alimtaja kijana wake wa kwanza, yaani yeye. Kila mmoja anaapa alisikia kwa masikio yake.

Kisheria video ile haikuwa na uzito mkubwa. Sheria ya Urithi ya Kenya inasema wosia wa mdomo unashika tu kama ulitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe akafariki ndani ya miezi mitatu. Babu aliishi miaka mingine minane. Lakini hakuna aliyekuwa anaenda kortini. Walitaka kumsikia mzee.

Kwenye flashi kulikuwa na faili tatu: 00000.MTS, 00001.MTS na 00002.MTS. Na klipu moja ndogo ya simu yenye mkia wa .3gp. Nikazivuta kwenye programu yangu ya kuediti. Picha ikaja. Babu huyo, kofia yake ya sufi, mkono ukipiga goti kila akisisitiza jambo. Midomo inacheza. Sauti hakuna. Ya simu ilikataa kabisa kufunguka.

Shangazi akanitazama kama daktari amesema mgonjwa amezidiwa. "Lakini kwa saiba ya Kitale iliongea," akasema.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kuediti harusi na matanga ndiko kunalipa nyumba. Hayo mambo nimeyajua kwa kuumia: mteja analia, mimi natafuta jibu usiku kucha. Wiki ile niliamua nisitafute jibu tu. Nilitaka kujua ni nani aliyefanya hivi vitu viwe vigumu namna hii, na lini. Nikagundua faili ikikataa kufunguka, mara nyingi haijaharibika. Imerithi maamuzi ya watu wengi, mengine ya kabla babu hajaoa.

Tuanze na jina. Wengi wetu tunadhani .MTS au .MP4 ni aina ya video. Sivyo. Ni mkebe. Ukiona mkebe wa Kimbo jikoni kwa nyanya, huwezi kuapa ndani kuna mafuta. Kunaweza kuwa na sukari, vifungo vya shati, mbegu za sukuma, ama risiti za 1998. Mkebe tunauita kontena. Kilichomo kimefinyangwa kwa njia fulani, na hiyo njia inaitwa kodeki. Programu inaweza kuujua mkebe na isijue kilicho ndani. Inaweza pia kukijua kilicho ndani na ishindwe kufungua kifuniko.

Hii mikebe si ya zamani sana. Mwezi wa Desemba 1991 Apple walitoa QuickTime, na mwezi huohuo Adobe wakatoa Premiere ya kwanza, iliyoandikwa na Randy Ubillos na kufanya kazi kwenye Mac pekee. Mwaka uliofuata Microsoft wakaja na mkebe wao, AVI. Kila kampuni ilitaka uweke vitu vyako kwake. Baadaye walioandika viwango vya kimataifa walichukua umbo la QuickTime wakalifanya msingi wa MP4, ndiyo maana .MOV na .MP4 zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Mkebe wa 3GP wa simu za Nokia nao ni ndugu wa ukoo huo. MTS ni wa ukoo mwingine. Unatokana na mkondo uliobuniwa kurusha matangazo ya runinga hewani, mahali ambapo mtazamaji huwasha TV katikati ya kipindi na bado anafaa kuona kitu. Kumbuka hilo, litatusaidia mbele.

Kamera ya baba mdogo ilitumia mfumo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Picha inafinyangwa kwa H.264. Sauti inaweza kuwekwa ikiwa ghafi, au ifinyangwe kwa kodeki ya Dolby iitwayo AC-3. Kamera nyingi za nyumbani zilichukua AC-3. Hapo ndipo sauti ya babu ilipotelea.

Kodeki nyingi zina wenyewe. Kulikuwa na hataza, na mtengenezaji wa programu aliyetaka programu yake isome sauti hiyo alilipia leseni. Leseni inaweza kukwama au kutofautianiwa bei, na kuna watengenezaji waliotoa kisomaji cha AC-3 ndani ya programu zao wakaiachia kazi hiyo Windows au Mac ya mtumiaji. Kama laptopu yako ni ya zamani kama yangu, kazi hiyo haina mwenyewe. Picha inafunguka, sauti inanyamaza, na hakuna ujumbe wa kosa unaokuambia kwa nini. Unabaki ukidhani kamera ilikuwa mbovu, ama aliyerekodi alisahau kipaza sauti.

Lakini shangazi alikuwa ameshanipa dawa bila kujua. Kwa saiba iliongea. Nilimwuliza ile programu ya saiba ilikuwa na alama gani. "Kitu ya machungwa, kama ile wanaweka barabarani polisi wakisimamisha gari." VLC.

VLC ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale, Paris. Walitaka mtandao wa kasi zaidi shuleni, na kutuma video kwenye mtandao huo kukawa sababu nzuri ya kuuomba. Mwaka 2001 shule ikakubali msimbo wake uwe huru kwa kila mtu. Haikuomba leseni ya kodeki: shirika lake, VideoLAN, liko Ufaransa, na msimamo wao ni kwamba hataza za programu za kompyuta hazitambuliwi huko. Kwa hivyo kijana wa saiba Kitale, bila kulipa hata bob, alikuwa na kitu ambacho programu yangu ya kulipiwa kila mwezi haikuwa nacho.

VLC na nyingi nyingine za bure zinasimama juu ya kazi ya FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Haina madirisha wala vitufe. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, unabonyeza Enter, unangoja. Nikaiambia itoe sauti ya babu kwenye AC-3 na kuiweka kama WAV, sauti ghafi ambayo programu yoyote inaijua. Dakika mbili hivi. Nikaiweka chini ya picha.

"Sasa nyinyi nyote mko hapa," babu akasema.

Shangazi alishika mdomo kwa mkono. Tukasimamisha video kwa muda.

Hapo ningemaliza kama nisingekuwa na haraka. Baada ya kuzipanga faili zote tatu, nikaona programu inasema video ni fremu 29.97 kwa sekunde. Nikasema hii ni nini tena, nani huhesabu picha kwa nusunusu. Nikaiambia ichukulie ni 30 kamili. Mwanzoni kila kitu kilikaa sawa. Lakini rekodi nzima ilikuwa dakika 47, na kufikia mwisho babu alikuwa ameshafunga mdomo karibu sekunde tatu nzima kabla maneno yake hayajaisha. Kama wewe huediti, hicho kidesimali umewahi kukidharau na wewe pia. Mimi sikidharau tena.

Televisheni ya Marekani ilipowekewa kiwango mwaka 1941, ilipewa picha 30 kwa sekunde kwa sababu umeme wao hupiga mara 60 kwa sekunde. Kwenda sambamba na umeme kulipunguza mistari inayotembea kwenye skrini. Rangi ilipokuja 1953 kulikuwa na shida. Nyumba nyingi zilikuwa tayari na TV za rangi nyeusi na nyeupe, na serikali haikutaka ziwe takataka. Rangi ikabidi ipenyezwe ndani ya mawimbi yaleyale ya zamani. Ikapenya, lakini ikakaribia kugongana na mawimbi ya sauti. Wahandisi wangeweza kusogeza sauti, ila TV za zamani zingesumbuka. Wakaamua kupunguza mwendo wa picha kidogo sana, karibu sehemu moja kwa elfu. 30 ikawa 29.97.

Sehemu moja kwa elfu ni sekunde 3.6 kwa saa. Kwa dakika 47 ni sekunde 2.8. Zile sekunde nilizopoteza Kayole zilipotezwa Marekani miaka sabini iliyopita, ili mtu asiyejulikana asilazimike kununua TV mpya.

Huku kwetu umeme tulioachiwa na Waingereza hupiga mara 50. Runinga ilipoanza Kenya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilifuata njia ya picha 25 kwa sekunde. Rangi ilipokuja tulitumia PAL, mfumo wa Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ulioanza kurushwa Uingereza na Ujerumani Magharibi 1967. Zanzibar walituwahi: walikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilikaa bila runinga yake hadi miaka ya 1990. Wafaransa nao hawakutaka cha Mjerumani wala cha Mmarekani, wakatengeneza SECAM. Ukitia mkanda wa SECAM kwenye mashine ya PAL, watu wote wanakuwa wa kijivu.

Kwa hivyo kamera ya Marekani ikija Kitale inakuja na umeme wa kwao kichwani. Ndiyo maana video nzima ya babu inapepesa. Taa ya tyubu ilikuwa inapiga kwa mdundo wa Kenya, kamera inanasa kwa mdundo wa Marekani, na kila mara wanapishana. Nilikuwa nimeanza kusaka faili mbovu. Nilichokuwa naona ni nchi mbili zinabishana kwenye kofia ya mzee.

Nikarudisha 29.97. Midomo na maneno vikakaa pamoja mpaka mwisho.

Kitu cha tatu kilikuwa laptopu yenyewe. Kila nikivuta mshale wa taimlaini kurudi nyuma, inagandama, feni inapiga kelele kama posho mili. Shangazi akauliza kama itashika moto. Sababu yake inatupeleka kwa mtu ambaye sijawahi kusikia akitajwa, ingawa kila siku tunatumia kazi yake.

Nasir Ahmed alizaliwa Bangalore, India. Mwaka 1972, akiwa mhadhiri Kansas, aliomba pesa kwa mfuko wa sayansi wa Marekani ili afanyie utafiti njia ya hesabu ya kufupisha picha. Walimnyima. Akaendelea hivyohivyo bila pesa yao, na Januari 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha matokeo. Njia hiyo inaitwa DCT. Kwa lugha ya mtaa: inachukua kijisehemu cha picha, inakigawanya katika mabadiliko makubwa na madogo, kisha unatupa yale madogo ambayo jicho halitayakosa. Bila hiyo hakungekuwa na JPEG, wala DVD, wala ile video ya sekunde kumi uliyotumiwa na mama yako asubuhi ukitakiwa uitume kwa watu saba.

Baada ya hapo wakaja watu wa MPEG, kundi lililoanza 1988, wakaongeza ujanja mwingine. Kwa nini uhifadhi kila picha nzima, kama ukuta nyuma ya babu hausogei? Hifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata andika tu kilichobadilika. Nyingine zinaweza hata kutegemea picha ambayo bado haijafika. MPEG-1 ya 1993 ndiyo iliyowezesha VCD. Ukikulia mitaa yetu unazijua: santuri ya kwaya, filamu za River Road, sinema za kivita zenye sauti ya DJ Afro juu yake. Saa moja na ushee ya filamu kwenye kitu cha bei ya soda. H.264 ikaja 2003 ikabana zaidi, na ndiyo iliyofanya kamera ndogo iweze kurekodi picha kali kwenye kadi ndogo.

Lakini hesabu zile zilipangiwa mtu anayetazama kutoka mwanzo kwenda mwisho. Mtu wa kuediti hafanyi hivyo. Anaruka, anarudi, anakata katikati. Kila nikisimama kwenye fremu moja, laptopu haina hiyo fremu. Ina kumbukumbu ya mabadiliko tu, kwa hivyo inarudi nyuma hadi kwa picha kamili iliyo karibu, kisha inajenga upya moja baada ya nyingine hadi pale nilipo. Ni kama kumwuliza mzee jina la mtoto wa nne, naye hawezi kulitaja mpaka aanze kwa wa kwanza.

Ndiyo maana kukatengenezwa kodeki za katikati: DNxHD ya Avid mwaka 2004, ProRes ya Apple 2007. Humo kila fremu imesimama yenyewe. Faili inavimba mara kadhaa, ila inateleza. Nikaiacha laptopu ibadilishe usiku kucha, shangazi akalala kitandani kwangu, mimi kwenye kochi.

Asubuhi tukaanza kusikiliza kwa makini. Babu alianza mbali, kwa baba yake na safari ya kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu. Akaja kwa ng'ombe. Akaja kwa shamba la juu, akaligawa, na kwa hilo hakuna aliyewahi kubisha. Kisha, dakika ya 32 hivi, akasema: "Na hiyo ya kule chini mtoni..."

Ikaruka. Kama sindano ya santuri. "...akae hapo, asisumbuliwe na mtu."

Nikarudisha. "Na hiyo ya kule chini mtoni..." Kruk. "...akae hapo, asisumbuliwe na mtu."

Shangazi akasema, "Hata kwa saiba ilikata hapo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikaelewa kwa nini nyumba nzima iligawanyika. Wote walikuwa wameitazama video hii na kila mmoja ameziba pengo kwa jina lake.

Pengo lenyewe halikufika sekunde moja. Lilikuwa pale hasa faili ya pili inapoishia na ya tatu kuanza. Nikakumbuka: hakuna aliyebonyeza kitufe cha kusimamisha kurekodi. Babu alikuwa anaongea mfululizo. Nani alikata?

Kadi za kamera za wakati ule zilipangwa kwa FAT32, mfumo uliokuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996. Hauwezi kubeba faili inayozidi gigabaiti 4. Mwaka huo ni nani angewaza faili moja ya ukubwa huo? Kamera nyingine zikawa zinakata mapema, kila gigabaiti 2, na kwa ubora aliotumia baba mdogo hiyo ni kama robo saa. Kamera inakata mkondo popote ulipofika, hata katikati ya neno. Ndani ya kadi kuna folda nyingine ndogondogo zenye orodha inayosema: hizi tatu ni kitu kimoja, ziunganishe hivi. Mtu aliyenakili video kwenye flashi, miaka hiyo, aliona folda nyingi zisizoeleweka akachukua tu zile faili nzito. Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo. Kadi yenyewe ilishafutwa na kurekodiwa harusi ya mtu.

Bila orodha, kila programu inaichukua kila faili kama video inayojitegemea. Kile kipande cha sauti kilichokatwa, nusu huku nusu kule, inakiona ni uchafu na kukitupa pande zote mbili.

Sasa kumbuka nilichosema kuhusu mkebe wa MTS, kwamba ulibuniwa kwa ajili ya matangazo ya hewani. Ni mkondo. Hauna kichwa wala mkia unaohitaji kuandikwa upya. Ukichukua faili tatu ukaziunga baiti kwa baiti, ya pili ianze palepale ya kwanza ilipoishia, mkondo unarudi mzima kama ulivyotoka kwenye kamera. Ukitaka kufanya hivyo kwa MP4 utapata takataka. Kwa MTS ni amri moja. Kosa langu lilikuwa kubadilisha kila faili peke yake kabla ya kuziunga. Nikaanza upya: kuunga kwanza, kutoa sauti baadaye.

Kabla hatujasikiliza, nilimwambia shangazi tungoje. Nilijua nikipeleka Kitale neno ambalo mimi peke yangu nimelitoa kwenye skrini nyeusi, baba mkubwa atasema nimelitengeneza. Siku hizi sauti inatengenezwa. Sheria inataka mashahidi wawili, na mimi nilikuwa na wa pili: ile klipu ya Nokia.

Ilikuwa 3GP, picha ndogo kama stempu, sauti ya AMR ambayo ni ileile iliyobuniwa kwa simu za kupiga, sampuli 8,000 kwa sekunde wakati kamera huchukua 48,000. Na simu ina tabia yake: giza likiingia inapunguza idadi ya fremu ili ipate mwangaza, kisha inaongeza tena. Haina mwendo mmoja. Ukiiweka kwenye taimlaini inaanza sawa, baada ya dakika chache watu wanaongea kwa makalio. Nikaiambia FFmpeg iilazimishe kuwa na mwendo mmoja, 29.97 kama ya kamera, na sauti iwe WAV. Nikatafuta mahali babu anapiga goti kwa kiganja, pah, nikalinganisha pah ya kamera na pah ya simu. Zikakaa.

Dakika ya 32. Kamera kwanza. Kisha simu, sauti kama ya mtu aliye ndani ya debe, lakini maneno yaleyale.

"Na hiyo ya kule chini mtoni, mama yenu akae hapo, asisumbuliwe na mtu."

Mama yenu.

Shangazi hakusema kitu kwa muda. Nje jamaa wa maji alikuwa anapita na mkokoteni. Kisha akasema, polepole, "Na hakuna mtu amewahi kumwuliza mama."

Nyanya yuko hai. Ana miaka themanini na kitu, anaishi kwa baba mkubwa kwenye chumba cha nyuma. Kwa ile miaka yote ya ugomvi, alikuwa anapelekewa chai na kurudishwa chumbani wanaume wakianza kikao. Siku ile mwaka 2011 alikuwa sebuleni, ukitazama vizuri unaona kona ya leso yake upande wa kushoto wa fremu. Kamera haikumgeukia hata mara moja kwa dakika 47.

Tulienda Kitale Jumamosi iliyofuata. Niliwachezea zote mbili, ya kamera na ya simu, mara tatu kwa sababu baba mkubwa aliomba. Nyanya alipoulizwa kama alijua, alisema, "Nilijua. Nilikuwa hapo." Sitasema wamepatana, kwa sababu bado hawajakaa meza moja. Lakini hakuna aliyelima kule mtoni msimu huu bila kumwuliza yeye.

Ninazo nakala tatu sasa. Moja ni mkondo mzima kama ulivyotoka kwenye kamera, bila kubadilishwa. Moja ni ya kutazamwa kwa simu. Ya tatu iko kwa nyanya, kwenye flashi ndani ya mkebe wa Kimbo, pamoja na karatasi niliyoandika kwa kalamu: kamera gani, mwaka gani, kodeki gani, na maneno ya dakika ya 32. Kodeki itakufa. Programu ya kuisoma itaacha kutengenezwa siku moja, na mjukuu mwingine atavuta faili na kuona midomo inacheza bila sauti. Angalau atajua aanzie wapi.

Kama kwenu kuna kadi, kanda ama simu ya zamani kwenye droo, usingoje mpaka kuwe na kesi. Na ukinakili, beba folda zote. Hata zile usizozielewa.